Moshi, Nairobi au Lewa: mkimbiaji wa ridhaa achague ipi?

Mkimbiaji wa ridhaa, yaani yule anayeamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini na anayejilipia mwenyewe ada, nauli na malazi, kwa kawaida anaweza kujiandaa kikamilifu kwa mbio moja kubwa kwa mwaka, au mbili akijitahidi sana. Kwa wakazi wa Tanzania na Kenya, majina matatu hujitokeza karibu kila mara wakimbiaji wanapopanga mwaka wao: Kilimanjaro Marathon inayofanyika Moshi, Marathoni ya Nairobi ya mwezi Oktoba, na mbio za Lewa zinazofanyika ndani ya hifadhi ya wanyamapori katika kaunti ya Meru. Lewa ilianza mwaka 2000 na nyingine mbili zilianza mwaka 2003, kwa hiyo zote zina umri wa kutosha kujulikana tabia zake. Zote zina marathoni kamili ya kilomita 42.195 na nusu marathoni ya kilomita 21.1. Ukiishia hapo utadhani zinafanana, na wapo wengi wanaoishia hapo, wakachagua kwa kufuata jina, tarehe ya likizo au uzuri wa medali.

Ulinganisho huu unashikilia hoja moja. Mbio inayokufaa ni ile ambayo barabara unayofanyia mazoezi inaweza kukuandaa kwayo, katika miezi ile ambayo mwili wako na ratiba yako vinakuruhusu. Mkazi wa Dar es Salaam, mkazi wa Nairobi na mkazi wa Arusha wanaweza kuwa na kasi ileile katika kilomita 10, lakini kila mmoja atakutana na mateso yake ya pekee katika kila mojawapo ya mbio hizi tatu, na ni vizuri kuyajua mateso hayo kabla ya kulipia ada.

Moshi: kupanda hadi Mweka

Kilimanjaro Marathon hufanyika mwishoni mwa Februari, na katika miaka ya karibuni imekuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi huo. Mbio huanzia na kumalizikia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Njia iko kati ya mita 830 na mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakimsumbui sana mtu wa pwani. Linalosumbua ni namna kimo hicho kilivyopangwa ndani ya mbio.

Katika marathoni kamili, kilomita za mwanzo hufuata barabara kuu inayoelekea Dar es Salaam, ambayo ni tambarare, kisha wakimbiaji hugeuka na kurudi mjini. Nusu ya kwanza huisha mtu akiwa bado anajisikia vizuri, na ndipo hatari ilipo, kwa sababu baada ya kupita mjini njia huanza kupanda kuelekea Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, na haiachi kupanda mpaka karibu kilomita ya 32. Wastani wa mwinuko huo ni kama mita 3 kwa kila mita 100. Si mkali kwa macho, na mtu aliye ndani ya gari huenda asiutambue, lakini kwa mkimbiaji ambaye tayari ana kilomita 21 miguuni ni kazi ya zaidi ya saa nzima isiyo na mapumziko. Zingatia pia kwamba akiba ya wanga ambayo misuli na ini huhifadhi kwa kawaida hukaribia kuisha katika kilomita ya 30 hivi kwa mtu asiyekula njiani. Moshi inauweka mwisho wa mlima mahali hapohapo. Anayepanga kukimbia kilomita 42 hapo lazima awe amezoea kula akiwa anakimbia, iwe ni jeli za nguvu, ndizi mbivu au tende, na awe amelifanya hilo katika mbio zake ndefu za mazoezi, kwa maana tumbo nalo hufundishwa.

Kuteremka kutoka Mweka husimuliwa kana kwamba ni zawadi. Mimi siafiki sana. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia uzito wa mwili huku ikivutwa irefuke, na kazi ya namna hiyo huiumiza misuli kuliko kupanda. Wakimbiaji wengi wanaolalamika kuhusu misuli kubana Moshi hawakubanwa wakati wa kupanda. Walibanwa katika kilomita 5 za mwisho, wakiteremka kwa kasi waliyodhani ni ya bure. Dawa yake ni kufanya mazoezi ya kuteremka, jambo ambalo watu wa tambarare hulisahau kabisa.

Katika nusu marathoni mpangilio ni rahisi kuueleza: unapanda kuelekea Mweka, unageuka, unateremka. Kwa sababu mlima unakuja miguu ikiwa mipya, na kwa sababu wengi humaliza kabla jua halijawa kali, nusu marathoni ya Moshi ni mbio ya haki zaidi kuliko nduguye wa kilomita 42, na ndiyo ambayo ningempendekezea mtu anayefika Moshi kwa mara ya kwanza, hata kama amewahi kukimbia marathoni kamili kwingineko.

Halafu kuna joto. Februari ni miongoni mwa miezi ya joto zaidi Moshi, na mchana nyuzijoto huzidi 30. Wakimbiaji wa mbele humaliza wakati bado kuna ubaridi wa asubuhi, lakini mtu anayekwenda kwa dakika 7 kwa kilomita atamaliza marathoni kamili kwa karibu saa 4 na dakika 55, na hiyo ni kasi ambayo wengi hawawezi kuishikilia mlimani. Maana yake ni kwamba mkimbiaji wa ridhaa hukimbia mbio yenye joto kali kuliko ile inayokimbiwa na mshindi, ingawa wameanza pamoja.

Joto halimbembelezi hata bingwa. Alphonce Simbu wa Tanzania alishika nafasi ya pili katika marathoni ya Boston ya Aprili 2025 kwa saa 2:05:04. Septemba ya mwaka huohuo alipotwaa ubingwa wa dunia Tokyo, katika hewa ya joto na unyevunyevu, muda wake ulikuwa saa 2:09:48, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo mno ya sekunde hata wote wawili wakaandikiwa muda mmoja. Ni kweli kwamba mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana, na njia ya Boston ina mteremko mwingi, kwa hiyo tofauti yote isipewe joto. Lakini funzo kwa mtu wa kawaida linabaki palepale: muda ulioupata katika mbio ya baridi usiuchukue kama lengo la Moshi.

Nani basi anafaa Moshi? Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa tayari ana nusu ya maandalizi, kwa kuwa mwili wake umezoea kutoa jasho mapema na kwa wingi, na hewa ya Moshi haina unyevunyevu mwingi kama wa pwani, hivyo jasho hukauka na kumpoza. Anachokosa ni mlima. Kukimbia Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi ni mazoezi mazuri ya kasi na upepo, lakini daraja lenye urefu wa kilomita 1 hivi halifundishi kupanda kwa saa nzima. Anayeishi Dar es Salaam na kuitaka Moshi kwa dhati atalazimika, angalau katika baadhi ya wikendi za Desemba na Januari, kwenda upande wa Pugu na Kisarawe kwenye vilima, au atumie mashine ya kukimbilia iliyoinuliwa, akivumilia uchovu wa kutazama ukuta.

Mkazi wa Nairobi au Arusha yuko kinyume chake: ana vilima vya kutosha na hewa nyepesi, kwa hiyo akishuka Moshi mapafu yake yatafurahi, lakini ngozi yake haijui joto. Mwili huchukua takriban siku 10 hadi 14 za kufanya mazoezi kwenye joto ili uzoee: ujazo wa maji katika damu huongezeka, jasho huanza mapema, na mapigo ya moyo hushuka kwa kasi ileile. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anayejiandaa kwa Moshi aache kukimbia alfajiri katika wiki 2 au 3 za mwisho za mazoezi na aanze kukimbia saa 6 au saa 7 mchana, kwa umbali mfupi na mwendo wa pole. Atachekwa na majirani, lakini mazoezi hayo yana faida kuliko kilomita nyingine 100 za ubaridi.

Jambo moja la tahadhari kuhusu maji. Kwa hofu ya joto, wapo wanaokunywa katika kila kituo cha maji hata bila kiu, na mtu anayekaa njiani kwa saa 5 au 6 akinywa maji matupu kupita jasho analotoa anaweza kupunguza kiasi cha chumvi katika damu mpaka akachanganyikiwa au kupoteza fahamu. Hatari hiyo huwakabili zaidi wakimbiaji wa polepole kuliko wa kasi. Njia ya kupima ni nyepesi: jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu ya mazoezi, na ikiwa umerudi na uzito zaidi ya ulioondoka nao, umekunywa kupita kiasi.

Nairobi: hewa nyepesi na barabara pana

Marathoni ya Nairobi hufanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Isichanganywe na Nairobi City Marathon, ambayo ni changa zaidi na ilianza Mei 2022 kwenye barabara ya juu ya Nairobi Expressway kabla barabara hiyo haijafunguliwa kwa magari. Mbio ya Oktoba, inayodhaminiwa na benki ya Standard Chartered, kwa miaka mingi ilipita katikati ya jiji, lakini katika miaka ya karibuni imehamia upande wa Lang'ata na barabara ya Southern Bypass.

Hapa adui ni kimo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Mkazi wa Mombasa anayepanda Nairobi siku mbili kabla ya mbio na kukimbia kwa kasi yake ya nyumbani atahisi katika kilomita ya 3 kile ambacho angepaswa kukihisi katika kilomita ya 15. Kuzoea kimo kwa namna ya maana huhitaji wiki 2 au zaidi, na watu wachache wenye ajira wana wiki 2 za kukaa Nairobi bila kazi. Kwa hiyo mtu wa pwani afanye uamuzi wa kiutu uzima: aende Nairobi, aifurahie, na auache muda wake bora nyumbani. Aongozwe na pumzi badala ya saa ya mkononi; katika kilomita 10 za mwanzo awe na uwezo wa kusema sentensi nzima bila kukatika, na asipoweza, apunguze.

Southern Bypass ni barabara pana, ya lami nzuri, yenye mabonde na miinuko inayofuatana. Haina mlima mmoja mrefu kama wa Mweka; ina vilima vingi visivyokuruhusu kushika mwendo mmoja. Kwa maoni yangu namna hii ya miinuko humfaa mkimbiaji mwenye uzoefu mdogo, kwa sababu kila kupanda kuna mwisho unaoonekana, na kila mteremko ni mfupi kiasi cha kutoharibu mapaja. Kasoro yake ni upweke. Barabara ya pembezoni mwa jiji haina makazi mengi ya watu kando yake, kwa hiyo shangwe zinakuwa chache, tofauti na Moshi ambako mji mzima hutoka nje na watoto hunyoosha mikono ili ugongane nao viganja. Mtu anayehitaji kelele za watu ili asonge mbele atalihisi pengo hilo.

Sababu ya Nairobi kupendelewa na wanaoanza ni kwamba ina kilomita 10. Moshi ina kilomita 5, 21 na 42 tu, na pengo kati ya 5 na 21 ni kubwa mno kwa mtu aliyeanza kukimbia mwaka huohuo. Nairobi inampa ngazi ya katikati, na mtu akimaliza kilomita 10 Oktoba akiwa mzima ana miezi 4 kamili ya kujenga nusu marathoni ya Moshi ifikapo mwisho wa Februari. Mpangilio huo, Nairobi kwanza kisha Moshi, unafaa hasa kwa wakazi wa Nairobi, Kiambu na Machakos, ambao hawana gharama ya malazi kwa mbio ya kwanza na ambao mazoezi yao ya kila siku, iwe katika njia za udongo mwekundu za Msitu wa Karura au katika vilima vya Ngong, tayari yanafanana na mbio yenyewe.

Hali ya hewa ya Oktoba Nairobi ni ya kirafiki, alfajiri ikiwa na ubaridi na mchana ukiwa na joto la wastani, ingawa mvua za vuli huweza kuanza wakati huo. Mvua si tatizo kubwa. Paka mafuta mazito sehemu zinazosuguana, vaa soksi ulizozizoea, basi.

Lewa

Lewa ni ya namna nyingine, na sitaieleza kwa kirefu kwa sababu anayeihitaji hujijua. Mbio hufanyika Jumamosi ya mwisho ya Juni kwenye barabara za vumbi ndani ya hifadhi ambayo tangu mwaka 2013 ni sehemu ya eneo la Urithi wa Dunia la Mlima Kenya. Faru, tembo, nyati na punda milia wamo humohumo, na askari wa wanyamapori pamoja na helikopta hulinda njia wakati wakimbiaji wanapita. Kimo ni kama cha Nairobi, mita 1,700 hivi, njia ni ya kupanda na kushuka, na marathoni kamili ni mizunguko miwili ya njia ya nusu marathoni, jambo ambalo ni mtihani wa moyo kwani unapita karibu na mstari wa kumalizia ukijua una mzunguko mzima mbele yako. Sehemu ya madhumuni yake ni kuchangisha fedha za uhifadhi na miradi ya jamii, kwa hiyo ukijumlisha michango, usafiri na kulala kambini, ni ghali kuliko nyingine mbili kwa mbali.

Usiende Lewa kutafuta muda bora. Udongo na changarawe hula nguvu ya kila hatua, na viatu vyepesi vyenye soli nene ya povu na bamba gumu ndani, ambavyo siku hizi kila mtu anavitamani, huyumba juu ya mawe madogo na kuhatarisha kifundo cha mguu. Aliyezoea njia za udongo za Karura, za Usambara au za miteremko ya Mlima Meru, Arusha, atajisikia nyumbani. Aliyefanya mazoezi yote juu ya lami atembelee barabara za vumbi angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 2 kabla ya safari.

Kalenda huamua zaidi ya unavyodhani

Wakimbiaji wengi hulinganisha njia za mbio na kusahau kulinganisha miezi ya mazoezi. Programu ya kawaida ya nusu marathoni huchukua wiki 12 kwa mtu ambaye tayari anaweza kukimbia kilomita 8 bila kusimama, na ya marathoni kamili wiki 16 hadi 20. Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya mbio, na utaona unachojiingiza nacho.

Maandalizi ya Moshi huangukia Novemba hadi Februari. Kwa mtu wa pwani hicho ni kipindi cha vuli kisha kaskazi, pamoja na joto kali la Januari, kwa hiyo mbio ndefu ya kilomita 25 au 30 lazima ianze saa 11 alfajiri au hata kabla, gizani. Hapo suala la usalama linaingia, hususan kwa wanawake, na ndiyo sababu klabu za jogingi zina thamani ambayo programu ya simu haina: kundi la watu 10 linaonekana na madereva, haliviziwi na vibaka, na mtu akiishiwa nguvu kuna wa kumshika mkono. Ubaya wa kundi ni mwendo. Mazoezi mepesi hugeuka mashindano bila mtu kukusudia, na anayejikokota nyuma ya wenzake kila Jumapili huchoka kabla ya Februari kufika. Pendekezo langu ni mbio ndefu na kundi, na mazoezi mepesi ya katikati ya wiki peke yako au na mwenzako mmoja wa mwendo wako. Kipindi hicho pia kina Krismasi na mwaka mpya, na wenyeji wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani Desemba wana bahati ya pekee, maana wanaweza kufanya mazoezi kwenye mlima wenyewe wa mbio kwa wiki nzima, mradi nyama choma na mbege vipewe kiasi.

Kwa Waislamu, na hao ni wengi miongoni mwa wakimbiaji wa pwani, kuna jambo zito zaidi. Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka, na kwa sasa umekaa juu ya Moshi. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa hiyo mbio ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huo ingeangukia ndani ya mfungo. Mwaka 2028 Jumapili hiyo inakaribiana na Idi, na wiki zote muhimu za mwisho za mazoezi zinakuwa za kufunga. Kukimbia kilomita 5 au 8 kwa mwendo wa pole kabla ya futari au baada ya tarawehe kunawezekana na wengi hulifanya, lakini kukimbia marathoni kwenye joto bila tone la maji si jambo la kujaribu. Mtu huyo akichagua Lewa ya Juni au Nairobi ya Oktoba kwa miaka hiyo hatakuwa amekimbia changamoto. Atakuwa amesoma kalenda.

Maandalizi ya Nairobi, kuanzia Julai hadi Oktoba, ni mepesi kuliko yote. Kwa mkazi wa pwani huo ni wakati wa kusi, hewa ikiwa na nafuu, na kwa mkazi wa bara ni wakati wa ukavu na ubaridi. Ya Lewa hupitia masika, Machi hadi Mei, na barabara za udongo ambazo ungezihitaji kwa mazoezi zinakuwa tope. Hii ndiyo kejeli ya Lewa: mbio ya vumbi inayoandaliwa kwenye matope.

Nusu au kamili, na hesabu ya safari

Anayesitasita kati ya kilomita 21 na 42 ajiulize ni saa ngapi kwa wiki anaweza kukimbia kwa miezi 4 mfululizo, katika wiki za kawaida zenye msiba, foleni na mtoto mwenye homa. Akiwa na saa 3 au 4, nusu marathoni katika mji wowote kati ya hii itamfaa na ataifurahia. Marathoni kamili inataka saa 5 hadi 7, zikiwemo siku kadhaa ambazo mbio moja tu ya mazoezi inakula saa 3. Akiwa na muda huo na anataka kilomita 42 zake za kwanza, Nairobi ndiyo chaguo langu kwa wakazi wa bara. Kwa wakazi wa pwani jibu ni gumu zaidi, kwa kuwa Nairobi itawakaba pumzi tangu mwanzo na Moshi itawasubiri kilomita ya 21. Baina ya mawili hayo ningechukua Moshi, kwani mlima unaweza kufanyiwa mazoezi Pugu au Shimba Hills, ilhali hewa nyepesi haipatikani ufukweni kwa namna yoyote.

Jiografia nayo inawaunga mkono. Mtu wa Mombasa anayeitazama ramani atagundua kwamba Moshi iko karibu naye kuliko Nairobi: Nairobi ni kilomita 480 na zaidi, ilhali Moshi, kwa kupitia Voi na Taveta hadi mpaka wa Holili, ni kama kilomita 300 na ushee, na barabara ya Voi hadi Taveta sasa ni ya lami. Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni karibu kilomita 560 kwa basi, safari ya siku nzima inayoikausha miili na kuvimbisha miguu, kwa hiyo asafiri Ijumaa, si Jumamosi. Treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha ni ya polepole zaidi lakini inamwezesha mtu kujinyoosha na kutembeatembea.

Vyumba vya Moshi hujaa mapema kwa wikendi hiyo, na bei hupanda. Mtanzania mwenye ndugu Moshi ameokoa fedha nyingi. Asiye na ndugu atafute chumba siku ileile anayojisajili, au alale Arusha na kuamka saa 8 usiku, jambo ambalo si la kumshauri mtu anayekwenda kukimbia kilomita 42. Anayevuka mpaka, kwa Holili au kwa Namanga, awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano pamoja na viatu na namba yake ya mbio kwenye mfuko wa mkononi, kwa maana begi lililofungwa juu ya basi linaweza kufika Moshi siku moja baada ya mwenyewe.